Wembe wa Endamarariek

Jumanne. Ukungu haujaondoka Karatu tangu asubuhi. Naandika haraka kabla sijalala, ndiyo maana mwandiko wa leo ni mbaya.

Fausta wangu ana miaka minne na ana kigugumizi. Kilianza masika yalipoisha. Neno la kwanza linamkwama, anakaza shingo, anapepesa macho mpaka machozi yanamlengalenga.

Niseme ukweli hapa, maana sijamwambia mtu. Juzi kwenye foleni ya sukari watu walimcheka, nami nikamfinya ili anyamaze.

Mwanangu mwenyewe.

Mwezi uliopita nesi wa zahanati alinieleza vizuri. Nisimmalizie maneno wala nisimharakishe. Nimtazame usoni, nimsubiri, na mimi mwenyewe niongee polepole. Alisema wengi wa umri wake huacha wenyewe, na kisipoisha nimrudishe. Kuhusu ule uzi wa chini ya ulimi, ambao mama mkwe anataka ukatwe, alisema hauhusiki kabisa.

Sikumwambia mama mkwe. Mimi ni mtu wa kuja kutoka Singida, nimeolewa kwao. Niliogopa kuonekana najifanya mjuzi.

Leo saa sita nilirudi kutoka kuchuma kahawa, nikakuta nyumba tupu. Jirani akaniambia, "Bibi yake kampeleka Endamarariek, kwa yule mzee anayekata."

Sikutua hata kikapu. Nilikimbia, nikapata trekta la shamba, nikashuka, nikakimbia tena. Njia nzima niliona damu tu.

Niliwakuta uani. Fausta amekalishwa kwenye kigoda, bibi yake amemshika kichwa, mdomo wazi. Mzee alikuwa anasuuza wembe kwenye bakuli.

Nilitaka kupiga kelele, "Acheni!" Neno halikutoka. Nikabaki "a... a..." kama mtu anayezama. Kumbe ndivyo inavyokuwa. Kumbe mtoto wangu anapita humo kila siku, na mimi nikamfinya.

Nikamnyakua tu.

"Mama Fausta, unataka mjukuu wangu awe bubu?" mama mkwe akaniuliza.

"Nesi amekataa, mama. Nilipaswa kukuambia tangu mwezi uliopita, nisamehe. Lakini hakatwi."

Hajanisemesha tangu hapo. Jumamosi mume wangu anarudi kutoka Ngorongoro, kwenye kazi ya barabara, na najua nani atawahi kumweleza. Nikienda shambani, nani atamlinda mtoto? Nimeamua kesho naenda naye, achezee kwenye mibuni, hata msimamizi akifoka.

Jioni hii nilikuwa namenya viazi, Fausta akaja akasimama mbele yangu.

"Yu... yu... yu..."

Nikaweka kisu chini. Nikamtazama, nikasubiri. Ilichukua muda mrefu na sikumsaidia.

"Yule babu atakuja hapa?"

"Haji," nikamwambia, polepole.

Sijui kama nimemwambia kweli.