Sauti ya Baba Kwenye Kundi la Familia

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi ni wazima, ila nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu siiamini tena. Mama amepunguza chumvi kwenye chakula. Fundi wa jirani amenunua cherehani ya umeme, na Baba anasema inashona kama inayokimbizwa.

Unakumbuka Baba alivyorekodi sauti kwenye kundi letu la familia, akilalamika kwamba mkate umekuwa mdogo kama ahadi za wakubwa? Tulicheka wote. Jumanne wanaume wawili wa usalama waliingia kwenye chumba chake cha kushonea, wakaifungulia sauti hiyo mbele ya wateja.

"Mzee, huyu nani?"

Baba hakuondoa mguu kwenye cherehani. "Ni mimi. Na mkate bado ni mdogo."

Wakachukua simu yake. Mwisho wa mwezi anatakiwa aripoti ofisini kwao. Mlango ukigongwa, Mama anamwaga chai.

Kaka, siku mbili kabla hawajaja, rafiki yako alinitumia sauti hiyo huku akicheka. Alisema ameipata kwako. Najua hukuwa na nia mbaya, ulitaka tu watu wacheke.

Baba ameniuliza mara mbili ni nani aliyeisambaza. Nimemjibu sijui, naye akanitazama mpaka nikainamisha macho. Siku ya kuripoti nitamsindikiza. Mwandikie wewe mwenyewe, maana akiniuliza mara ya tatu sitaweza kumdanganya.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba