Siku Kichwa Kisipouma

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Vipi afya yako huko kambini, na hiyo barabara mnayoijenga imefika wapi? Sisi hatujambo, ila hatujambo yetu ina maelezo marefu, ndiyo maana naandika. Kwa simu ningelia tu, usingeshika hata neno.

Ni habari za mkeo, wifi yangu. Jumatatu kipandauso kilimkamata akiwa kwenye mashine yake ya kufuma masweta. Nilimkuta sakafuni, kajifunika uso kwa sweta la shule lenye mkono mmoja, wateja wawili wamesimama mlangoni hawajui wamgombeze au wamhurumie. Mimi nilikuwa upande wa kugombeza. Nilimwinua, nikamwambia twende hospitali, daktari aseme mbele yangu kama huu ni ugonjwa au kisingizio.

Daktari, mama mmoja wa makamo, aliuliza kichwa kinauma upande gani, mara ngapi kwa mwezi, kama mwanga unamkera. Wifi akawa anajibu kama mtu aliyechoka kuulizwa. Kisha daktari akaweka kalamu chini, akauliza siku ambazo kichwa hakiumi anajisikiaje.

Nilitegemea aseme vizuri. Wifi akainamia viatu vyake, akasema, "Hizo ndizo mbaya zaidi. Nakaa nakingoja."

Akaeleza kwamba haendi tena kwenye sherehe, hawashi redio, hata kucheka anacheka kwa kujipimia, asije akakiamsha. Akasema asubuhi nyingi akifumbua macho husikitika kwamba ameamka.

Kaka! Mtu ninayepika naye jiko moja! Daktari alimwuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Akajibu kwamba amefikiria, ila hajapanga lolote. Daktari akatueleza kuwa wengi wenye kipandauso hupatwa pia na sonona na wasiwasi, kwamba huo si uvivu, na kwamba yote yana matibabu. Amempa dawa, na kila Alhamisi atakwenda kuzungumza na mshauri. Mimi nimeambiwa nisimwache peke yake kwa sasa. Nimehamishia godoro langu chumbani kwenu.

Sasa lililo gumu kuliandika. Mwaka jana uliponiuliza hali ya mkeo, nilikujibu kwamba ni mzima wa afya, mchana kutwa amefunga mapazia, na kichwa chake kinajua siku za kazi. Nikajiona nimechekesha. Tangu hapo ukapunguza kumpigia. Juzi tukitoka hospitali nilimwungamia nikidhani namwambia jambo geni. Kumbe analijua. Mlipogombana ulimtupia maneno yangu yaleyale, neno kwa neno. Mwaka mzima amekaa nayo, na kila asubuhi ananimiminia chai.

Nilimwomba radhi palepale barabarani. Akasema atanijibu akipata nguvu. Bado hajanijibu, nami simharakishi. Leo amekula nusu sahani, akaoga, akakaa kizingitini kidogo.

Mpigie, kaka. Usianze na kichwa. Mwulize yeye anaendeleaje, kisha unyamaze asikie kwamba unasubiri jibu.

Mama anakusalimu sana. Bado sijamweleza yote. Ukipata ruhusa, njoo.

Ni mimi dada yako, niliyekupotosha.