Telekonveta, na hatua arobaini kutoka kwa mama

Gitega, Jumanne. Mvua ilianza kabla sijaamka na haina dalili ya kuchoka. Mteja wa picha za pasi hakuja, na kwa mvua hii hata mimi nisingekuja.

Niko peke yangu studio tangu asubuhi. Hadi mchana nilikuwa nimezungumza na mtu mmoja tu, muuza maandazi, na mazungumzo yenyewe yalikuwa neno moja: "mawili".

Kuna mwalimu wa Ryansoro anayesoma blogu hii (ni mmoja wa wasomaji wanne, nami nikiwemo). Aliniuliza telekonveta ni kitu gani na kama anunue. Nilimwahidi jibu, na leo sina kisingizio.

Telekonveta ni kipande kifupi chenye vioo ndani, kinafungwa katikati ya kamera na lenzi. Kinachukua sehemu ya kati ya kile ambacho lenzi imeona na kuikuza. Lenzi yangu ndefu ni ya milimita mia mbili. Nikiifungia telekonveta ya mara mbili, inavuta kama ya mia nne. Lakini hakuna cha bure. Mwanga unaofika ndani unabaki robo. Ile ndogo, ya 1.4, ina huruma kidogo, inakuachia nusu. Kamera nayo inahangaika kulenga, inakwenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta. Mkono ukitikisika kidogo, picha inatikisika sana. Na kama lenzi yako ina kasoro, kasoro nayo inakuzwa.

Kwa hiyo, mwalimu, itumie jua likiwaka, kwenye lenzi nzuri ya tundu pana la kuingizia mwanga, kamera ikiwa imeegemea kitu, na pale ambapo kusogea hakuwezekani kabisa. Mpira uwanjani saa tisa alasiri. Ndege ng'ambo ya mto. Kama unaweza kutembea, tembea.

Mimi ningeweza kutembea.

Yangu niliinunua kwa Mama Neema, Mkongomani wa Uvira anayeuza vitu vya mitumba sokoni hapa: redio, pasi, mara mojamoja kamera. Hakunificha kitu. "Mi nakuambia ukweli, dada," alisema. "Iko navuta mbali, lakini iko nakula mwangaza. Usikuje kunililia hapa." Nilicheka, nikaiweka mkobani. Wiki ile nilikuwa na safari ya Giteranyi, kule Muyinga, kwenye kuganduka, siku ya kumaliza matanga. Matanga ya baba yangu mwenyewe.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Siku baba alipofariki nilikuwa Nyarusange, napiga picha za harusi. Kaka yangu Désiré alinipigia simu mara tatu. Niliiona. Nikazima mlio, kwa sababu bi harusi alikuwa anatoka nje na mwanga ulikuwa mzuri. Nilipompigia jioni, baba alikuwa ameshakwenda. Mafuta hayakuwepo, magari hayakuwepo, nikafika nyumbani siku mbili baadaye, kaburi limeshafunikwa. Hakuna aliyenigombeza. Mama alinipa maji ya kunawa, akaniuliza kama njiani kulinyesha.

Tangu siku hiyo, mwaka mzima, kwenye simu ni hayo hayo: mvua, maharage, mbuzi. Hakuniuliza hata mara moja nitakuja lini. Mimi nikaelewa kwamba hanitaki, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Ndiyo maana siku ya kuganduka nilijifanya mpiga picha. Nilisimama kwenye migomba, hatua kama arobaini kutoka kwenye turubai, lenzi imerefushwa, uso umefichwa. Shangazi mmoja hata alinisifu kwamba nachapa kazi. Telekonveta ilinipa sababu ya kutokaa na watu, na niliipenda kwa hilo kuliko kwa picha.

Désiré alisema maneno ya familia, wazee wakajibu, kikaletwa chungu cha pombe ya mtama. Kwetu baba ndiye aliyekuwa akigawa mirija ya kunywea. Hata kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, tulikokulia, ambako chungu chetu kilikuwa ndoo ya plastiki, alimpa kila mtoto mrija wake kwa mkono wake, kuanzia mkubwa mpaka mdogo, hata kama tulikuwa tunaonja tu. Safari hii aligawa mama.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, mawingu yameshuka, na chini ya turubai kulikuwa kama ndani ya nyumba. Mama akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu msiba. Nikabonyeza. Kamera ikatafuta mbele, ikatafuta nyuma, mimi nikagombana nayo, nikapata picha moja tu kabla mama hajainama. Nilipoitazama ilikuwa ya giza na imetikisika. Nikaaga kwa kupunga mkono, nikapanda pikipiki kwenda Muyinga mjini, nikisema kesho yake nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote.

Leo umeme uliporudi niliifungua ile picha kwenye kompyuta. Nilitaka kumwonyesha mwalimu mfano wa telekonveta iliyotumika vibaya, na sina mfano bora kuliko huo. Nikaikuza na kuiongezea mwanga.

Désiré na dada zangu wawili wameinamia chungu. Mama hajainama. Anatazama kamera moja kwa moja, kinywa kimefunguka kwa kicheko. Mkono mmoja umeshika mrija wake. Mkono wa pili ameuinua juu, na humo kuna mrija mwingine ambao haujaingia chunguni.

Nilihesabu watoto. Wote walikuwa na yao, isipokuwa mmoja.

Alikuwa ananiita. Nilimtazama kwa lenzi ya mia nne na sikuona kwamba ananiita. Nililia, naandika hivyo hivyo, nililia mpaka muuza maandazi akachungulia mlangoni na kuuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, mwaka jana.

Kisha nikapiga simu. Mama alianza na mvua, nikamkatiza, jambo ambalo si adabu. Nikamuuliza ule mrija ulikuwa wa nani.

"Wako," akasema. "Uliondoka hata hujaonja. Nimeuchomeka kwenye paa la jikoni. Panya wasipoula utaukuta."

Halafu akaniuliza nitakuja lini.

Mwalimu, picha nimekuwekea hapo chini. Ni mbovu, usiige. Telekonveta ukiihitaji njoo uichukue, mimi nitakuwa siitumii kwa muda.

Jumamosi naenda Giteranyi, gari likipatikana, na lisipopatikana nitaomba lifti ya chochote chenye magurudumu. Kamera sijui kama nitaibeba. Sijui pia nitamwambia nini kuhusu zile simu tatu. Nadhani nitaanza kwa kukaa karibu naye.