Ziwani Hakuna Dinosaria

Kasingirima, Ujiji,
Kigoma.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa karatasi kwa sababu masikio yako na simu havielewani tena. Kaka Selemani aliniambia kwamba mara ya mwisho nilipopiga ulikuwa unaitikia tu "haya, haya", kumbe hukusikia hata neno moja. Basi atakusomea yeye, polepole, na ukitaka arudie, arudie. Goti la Mama linaendeleaje? Na mikorosho imechanua vizuri, au ukungu umeiwahi? Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo, maana mawese ya huku hayana huruma, na migebuka, samaki wa ziwa la huku, nimeshajua kuichoma bila kuiunguza.

Uliuliza habari za kazi. Bado nafundisha darasa la awali, wale wadogo kabisa ambao asubuhi wanalia wakiachwa na mchana wanalia wakichukuliwa. Wengi nyumbani wanaongea Kiha, wengine Kirundi, na Kiswahili wanakutana nacho kwangu. Mimi nami Kiha changu kinaishia kwenye "mwakeye", salamu ya asubuhi. Nikiongezewa neno jingine nacheka tu.

Mwaka huu shule ilipata boksi la vitabu vilivyokwisha kutumika huko nje. Kimoja ni cha picha za dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale wenye umbo la mjusi. Kurasa zake ni ngumu kama ubao, na kwenye pembe kuna alama za meno ya mtoto aliyekuwa nacho kwanza. Maneno yake ni ya Kiingereza, yenye vina. Nilipowasomea wanangu walisikia jinsi sauti zinavyofanana mwishoni, wakacheka, lakini hawakuambulia kitu. Nikaona niwatungie ya kwetu. Sikutafsiri, nilitazama picha tu nikatunga, nikaandika kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika juu ya Kiingereza. Dinosaria mmoja alipata hivi:

Mgongoni ana miba,
hula hata akishiba.

Hilo likawa utani wao wa saa ya uji, kila anayeomba kuongezewa anaimbiwa. Na yule mkubwa kuliko wote nikamtungia hivi:

Shingo ndefu kama njia,
mkia wafagilia,
majani anajilia,
ziwani anazamia.

Sasa, darasani kuna binti anaitwa Neema. Anaishi na bibi yake, Bibi Kezia, aliyekuja kutoka Burundi miaka mingi iliyopita. Mama yake Neema anafanya biashara ya dagaa Kagunga, kijiji cha mpakani, na kwenda huko ni kwa boti. Tangu aanze shule Neema alikuwa hasemi. Nyumbani anaongea vizuri, ila kwangu alikuwa ananitazama tu. Siku moja nasoma ule ubeti wa shingo ndefu, nikanyamaza kabla ya neno la mwisho ili wamalizie wenyewe, na sauti iliyosema "anazamia" ilikuwa yake. Baba, niligeukia ubaoni nikajifanya natafuta chaki.

Kuanzia hapo akawa yeye ndiye anayewaongoza wenzake. Ananyoosha shingo, anatikisa mkia ambao hana, na darasa zima linafuata.

Halafu ikaja likizo fupi. Bibi Kezia akampeleka ufukweni apande boti kwenda kwa mama yake, na mtoto akakataa. Aling'ang'ania kanga ya bibi yake akalia, akasema dinosaria amezama humo, mwalimu ndiye aliyesema. Boti ikaondoka bila wao, na mama wa watu alishinda ufukweni Kagunga akingoja. Shule zilipofunguliwa wazazi wengine nao wakaja kulalamika kwamba watoto hawataki kuoga ziwani wala kuteka maji. Mwalimu mkuu akaniita. Hakunigombeza. Alisema kitabu kikae kabatini mpaka kikao cha wazazi, na wakikikataa ndiyo basi. Nilikubali, ningefanyaje? Lakini Neema alirudi kwenye ukimya wake, na hilo ndilo lililoninyima raha, hata chakula kikawa hakipiti.

Sikungoja kikao. Jumamosi nilikwenda nyumbani kwao, nikamkuta Bibi Kezia uani anachambua dagaa. Nilimwamkia, akaitikia na kunisogezea kigoda, ila mikono haikuacha kazi. Nikaomba radhi. Nikamweleza kwamba wanyama wale walikwisha kabla hajazaliwa binadamu hata mmoja, na kwamba habari ya ziwa niliiingiza mimi kwa kutafuta kina tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema:

"Mwalimu, mimi nilikimbia vita, mama yake Neema nikiwa nimembeba mgongoni. Nyuma yetu kulikuwa na moto, mbele yetu maji. Ziwa hili ndilo lililotupitisha. Ndugu zangu wengine hawakuwahi kulifikia. Sasa mjukuu wangu analiogopa, na njia ya kwenda kwa mama yake ni hiyo hiyo."

Mimi nilikuwa nimepata neno, "anazamia", likakaa vizuri kwenye mizani, nikafurahi. Sikufikiri litakwenda kulala katika nyumba gani.

Baadaye akaniuliza, kama wamekufa wote, kimebaki nini? Nikasema mifupa.

"Basi sema mifupa," akasema, akavuta ungo wake karibu.

Nikaanza kuhesabu mizani kwa vidole pale pale kwenye kigoda. Neema alikuwa amesimama mlangoni akitusikiliza. Nikamwita, nikamwimbia ubeti upya, nikamalizia:

majani anajilia,
mifupa katuachia.

Neema akauliza, "Na ziwani?" Nikamwambia ziwani kuna dagaa na migebuka, na mnyama yule hayumo. Hakuniamini mimi. Alimtazama bibi yake.

"Mimi nimelivuka," Bibi Kezia akamwambia. "Sikumwona."

Kwenye kikao, mwalimu mkuu hakuwa amemaliza kueleza shauri lenyewe bibi yule aliposimama. Alisema ubeti umerekebishwa, amesikia kwa masikio yake, na anayetaka kukikataa kitabu kwanza amsikilize mjukuu wake. Neema akaletwa mbele akaimba mpaka mwisho. Wazazi waliguna, wakacheka, na mmoja akaomba ule wa miba. Kitabu kilitoka kabatini siku hiyo hiyo.

Na wiki iliyopita, Baba, shule zilipofungwa tena, niliwasindikiza Neema na bibi yake ufukweni. Neema alisimama muda mrefu maji yakimfika vifundoni, na hakuna aliyemharakisha. Mwishowe alinyoosha mikono mwenyewe ili abebwe kupanda. Boti ilipoanza kuondoka nilimsikia akianza "Shingo ndefu kama njia", na akina mama waliobanana na ndoo zao wakawa wanamalizia kwa "-ia" bila kujua wanaimba nini. Nilirudi nyumbani nikapika, nikala nikashiba.

Nisalimie Mama, mwambie kanga alizonitumia ndizo ninazovaa siku za Ijumaa. Nisalimie shangazi muuza samaki wa kukaanga, mjomba fundi baiskeli, na wifi yangu mke wa Selemani, najua naye anasikiliza hapo. Selemani mwenyewe namshukuru kwa kuipa barua hii sauti.

Kuna jambo moja nataka unijibu. Tukingoja boti siku ile, Neema aliniuliza nani aliyeiona hiyo mifupa. Nikamsimulia uliyokuwa ukitusimulia sisi, jinsi babu yako, enzi za Mjerumani, alivyokuwa miongoni mwa waliochimba mifupa hiyo kwenye kilima cha Tendaguru, akajitwisha mfupa mzito kuliko yeye na kutembea nao mpaka bandarini Lindi, hajui ni wa mnyama gani. Nilidhani ataniuliza ulikuwa mkubwa kiasi gani. Yeye akauliza, "Aliogopa?"

Nilimwambia nitamuuliza baba yangu. Atarudi shule zikifunguliwa, na hasahau. Basi mwambie Selemani achukue kalamu.

Mimi binti yako wa mwisho, ninayekuombea afya kila nikimaliza kuswali,

Somoe.