Karatasi za Konokono

Jumatatu, 4 Machi

Leo ofisi nzima imecheka kwa ajili yangu! Miezi miwili ya majaribio nimetulia kama maji mtungini. Leo ndiyo mara ya kwanza wenzangu kunikaribisha chai. Nilibandika karatasi kwenye mlango wa masjala: "Konokono katoka saa tatu kwenda ghorofa ya pili. Anatarajiwa kesho." Nikaandika tarehe, nikagonga na muhuri wa IMEPOKELEWA. Konokono ni mzee wetu anayepeleka mafaili. Goti lake moja halikunjiki. Jina hilo nimelikuta hapa ofisini. Alisoma, akacheka. Mtani mzuri yule.

Jumatano, 6 Machi

Karatasi ya tatu. Saa ninazoandika, nyingine nazibuni tu — eti dakika hamsini kwa ngazi kumi na nane. Mzee kacheka tena, kisha akanipa faili nililolitafuta tangu asubuhi, bila hata kuniuliza namba.

Alhamisi, 7 Machi

Mkuu wa idara kaniita. Karatasi zangu tatu ziko mezani kwake, zimetobolewa, zimefungwa ndani ya faili la mzee. Kanisifu: tarehe, saa, muhuri, kila kitu. Anataka kumwachisha kazi mzee kabla hajafikia kustaafu. Ushahidi ndio aliokuwa ameukosa. Kesho nipeleke maelezo yenye sahihi yangu. Nikasema nini? Nikasema, ndiyo, mkuu. Ndiyo, mkuu!

Nikamfuata mzee masjala. Nikamwambia ule ulikuwa utani wetu tu, si anajua. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliendelea kupanga mafaili.

"Wetu, mwanangu? Wewe umenirushia utani mara ngapi? Mimi nimekurushia lini?"

Nikatafuta moyoni. Hata mara moja. Mama mfagizi humwita Konokono, naye humjibu kuwa ufagio wake umeota mvi. Wanarushiana hivyo tangu sijazaliwa. Mimi alinichekea tu, kama unavyomchekea mtoto wa mgeni aliyekukanyaga.

Ijumaa, 8 Machi

Niko kwenye benchi, nje ya mlango wa mkuu. Asubuhi dada alinionya nisijitie kitanzi, kazi yenyewe nimeipata kwa jasho, na mzee bila shaka ana wanawe wa kumtunza. Dada hajui. Wala mimi sijui. Hata hilo sijawahi kumuuliza.

Maelezo nimeandika mawili. Moja linasema saa ni za kweli. La pili linasema nilizibuni ili nipendwe. Hilo ndilo la kufukuzwa nalo. Yote mawili yamo ndani ya daftari hili.

Mzee naye kaitwa. Kaketi kando yangu, kanyoosha goti. Kaniangalia ninavyoandika, kaniuliza kama nimeshaandika saa aliyokaa, maana hapendi kuchelewa kwenye kumbukumbu.

Kanirushia. Mimi!

Mlango umefunguka. Mkuu kanyoosha mkono, anataka karatasi. Nachomoa lile la pili.