Nilikosea Kuhesabu, Dada, Njoo Mapema

Kijiji cha Kinampanda,
Iramba, Singida.
24 Agosti 2025

Mpendwa dada Redempta,

Shikamoo. Habari za Rungwa, na habari za shemeji Christopher na mizinga yake? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa kwa moshi wa kurina asali? Sisi huku tu wazima, isipokuwa upepo wa mwezi huu unaotulisha vumbi asubuhi na jioni. Mume wangu Nathan anakusalimu. Yupo uani anahamisha banda la kuku. Nimemhamishisha mara mbili wiki hii na bado sijaridhika, maskini, yeye anahamisha tu.

Nimekupigia simu siku nne mfululizo, hupatikani. Najua mko kambini porini. Ndiyo maana barua hii nampa Manase, yule mnunuzi wa asali, anayekuja huko kesho. Isome ukiwa umekaa.

Nilikwambia uje Novemba. Dada, nilikosea. Ni Septemba, tena Septemba hii inayokuja.

Kichefuchefu kilinishika shambani, kwenye palizi ya pili ya alizeti, nikaona basi, mimba imeingia hapo. Nikaanza kuhesabu tangu Februari. Na kwa kuwa kwetu mimba changa haitangazwi, kliniki nilianza nimechelewa, na nesi nikampa hesabu yangu hiyohiyo ya shambani. Alhamisi amenipima tumbo kwa utepe, akatazama kadi, akapima tena. Akaniuliza siku zangu za mwisho niliziona lini hasa. Ndipo nikakumbuka harusi ya Clement, katikati ya Desemba, nilivyokataa kuvaa lile gauni jeupe. Nesi alicheka, kisha akaacha kucheka.

“Mama, huna miezi sita wewe. Umeshaingia wa tisa. Hiyo palizi ilikukuta tayari unaye.”

Tangu siku hiyo sikai. Nafagia uwanja uliofagiliwa. Nafua kanga zisizo na uchafu. Nikikaa, kiungulia kinapanda. Nikisimama, miguu imevimba hata ndala hazinienei. Nikilala lazima nilalie ubavu wa kushoto, na huyu naye anaamua ndiyo saa ya kunipiga mateke. Chooni naenda na kurudi mpaka jirani ananiuliza nimepoteza nini njiani.

Tumbo nalo hukaza likawa gumu kama kibuyu, halafu likalegea. Mara ya kwanza nilipiga kelele, Nathan akaja mbio na nyundo mkononi. Nesi anasema ni mazoezi tu, uchungu wenyewe utakuja kwa kufuatana na utazidi nguvu. Ila kichwa kikiniuma sana, macho yakiona ukungu, damu au maji yakitoka, au mtoto akipunguza kucheza, nisisubiri hata kunywa chai, niende hospitali. Nathan ameshaongea na mwenye gari. Kikapu kiko mlangoni: kanga, beseni, sabuni, na nguo za mtoto. Nakifungua na kukifunga kila siku, kama vile vitu vitakimbia.

Sasa nikwambie linaloniumiza. Najua maneno ya mama mkwe yalikufikia. Kwamba asiyezaa asiwe wa kwanza kumshika mtoto, na ule msemo wake, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Najua pia kwamba tangu uyasikie, kila nikikuita unanitajia asali. Mara mizinga haijajaa, mara nyuki wamehama. Dada, mimi si mgeni wa visingizio vyako. Nilikasirika, kisha nikalia, kisha nikafagia tena uwanja.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka mitatu. Wewe ulikuwa na kumi na minne. Ni nani alinibeba mgongoni akiwa na jembe mkononi? Niliposhikwa na surua, ni nani alinitafunia viazi akanilisha? Kama huo si uchungu wa mwana, basi sijui wanazungumzia uchungu gani. Nimemwambia mama mkwe hayohayo, kwa adabu, nikiwa nimepiga magoti. Jana ameniletea mtama wa uji, akauliza utafika lini.

Naogopa, dada. Mama alifia kwenye uzazi, na hilo haliniachi hata nikiwa nacheka. Nikiwa na wewe nitaogopa kidogo. Manase anarudi Jumamosi, na nimemwomba akuachie nafasi mbele garini. Asali shemeji atairina mwenyewe.

Mwishoni nesi aliniuliza ni nani atakayekuwa nami siku hiyo. Nikataja jina lako. Akauliza, ni nani wako? Nilifungua mdomo niseme dada, likatoka mama. Akaliandika kwenye kadi, nami sikumsahihisha.

Msalimie sana shemeji Christopher, na jirani yenu Mama Sara, na umbusu Agnes wake mdogo. Mungu awakinge na miiba ya nyuki na ya maneno, na akufikishe kwangu salama kabla ya mjukuu wako.

Mwanao akupendaye,
Febronia