Mama Mkwe Anameza Vidonge Vyangu

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono kabla sijaumbuka, mimi ni msusi, nina watoto wawili, na mume wangu, fundi makochi, tulikubaliana tupumzike kwanza, nikaenda zahanati nikapewa vidonge vya uzazi wa mpango vya dozi ndogo, ila tunaishi na mama mkwe na wimbo wake ni mmoja tu, "Wa tatu yuko wapi?", basi siku aliponikuta nameza nikababaika nikasema, "Vya kuongeza damu, mama, na vinarudisha ujana," huo ujana sijui nani alinituma, maana vidonge vikaanza kupungua, siku nyingine nakosa kabisa cha kumeza, nikajipa moyo kwamba dozi yenyewe ndogo, nikiruka haina neno, mpaka juzi mama mkwe, aliyekoma hedhi zamani, mwenye presha na sigara haimtoki mdomoni, akatoka bafuni anapiga vigelegele, "Nimeona siku zangu! Mkwe wangu, dawa yako kiboko!", sasa amenunua wigi, amemtangazia fundi saa wa jirani kwamba bado anazaa, na tangu jana kichwa kinamgonga, nikisema ukweli atanifukuza, nikinyamaza namuua, na mimi mwenyewe siku zangu zimechelewa, nifanyeje?

Msusi Niliyejiponza

Msusi, nilicheka, kisha nikaacha kucheka nikashika simu. Barua yako haikuwa ya kungoja gazeti, ndiyo maana nilikupigia saluni nikakwambia weka kitana chini, nenda kaseme ukweli, mpeleke mama hospitali. Ukaenda. Presha yake ilimshtua hata muuguzi, vidonge vikakomeshwa, na ile damu bado wanaichunguza, kwa sababu damu baada ya kukoma hedhi si ujana, ni ya kumwonyesha daktari. Mama akakununia, halafu akasema, "Ungeniambia hutaki kuzaa, ningenuna wiki moja yakaisha. Sasa fundi saa nitamwambia nini?" Shukuru Mungu, anayenuna yu hai.

Sasa zamu yako, na usinikunjie uso. Dozi ndogo si dawa dhaifu. Ukimeza kila siku bila kuruka, ni nadra sana kushika mimba. Lakini kidonge hakikukingi kikiwa tumboni mwa mama mkwe! Ni salama kwa wanawake wengi, si kwa kila mwanamke. Mwenye presha, mvuta sigara aliyevuka miaka thelathini na mitano, aliyewahi kuganda damu mishipani, hao watafutiwe njia nyingine. Ndiyo maana ulipimwa kabla ya kupewa, na ndiyo maana haviazimwi kama chumvi. Na wewe pia, kifua kikibana ghafla, mguu mmoja ukivimba, kichwa kikiuma kuliko kawaida, kimbia hospitali.

Leo hii kapime mimba. Kama huna, rudi zahanati wakuanzishe upya, mtumie kondomu kwa siku saba za mwanzo, na vidonge ufungie kabatini, ufunguo uwe kwako. Kama unayo, acha kumeza, umwone muuguzi, kisha mkalishe mumeo mzungumze nyinyi wawili, mlango mmeufunga, kabla bibi wa watu hajaanza kuchagua jina.